Kitambaa Kipya cha Kompyuta

Kompyuta yetu pale Tabata ilianza kujizima wiki ya harusi ya mdogo wangu. Unaiwasha, inakaa kidogo, mara kimya. Mie hasira zangu ziko karibu, nikaipiga kofi. Haikusaidia kitu.

Humo ndani ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu baba. Ugonjwa ulipomzidi aliniomba nimrekodi akimpa bibi harusi radhi zake, maana alijua siku yenyewe hatakuwepo. Mdogo wangu alikuwa hajaisikia. Baba alitaka aisikie siku ya ndoa, si kabla. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Nikampigia fundi mmoja wa Manzese.

"Dada, window imekufa hiyo, ile programu inayoiendesha. Ilete niipige mpya."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika, sista. Ndo ilivyo."

Nikakata simu. Jamani, kabla sijalibeba hili dude likafutwe, acha niangalie mwenyewe, kimoja kimoja. Waya umekaza? Umekaza. Nikaihamishia soketi nyingine ya ukutani. Ikawaka, ikazima vilevile. Basi si umeme. Nikaiwasha tena, safari hii nikanyamaza na kusikiliza. Feni ilikuwa inavuma kwa tabu. Nikashika mgongo wa boksi, lahaula, moto kama pasi!

Hapo ndipo nilipokitazama kile kitambaa. Mama anafuma vitambaa, na kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi, iwe redio, kochi au friji. Kwa ajili ya wageni wa harusi alikuwa ameivisha kompyuta kitambaa kipya, kizito, kimeshuka mpaka nyuma na kuziba matundu yote ya hewa.

"Mama! Unainyonga hii!"

"Naikinga na vumbi. Wageni wakiikuta chafu watasemaje?"

"Waseme! Lakini ipumue."

Akanuna. Nikakivua, nikapangusa vumbi lililoganda kwenye matundu, nikaiacha ipoe mpaka tukamaliza kuswali alasiri. Nikawasha. Ikawaka. Nikaingoja izime, haikuzima. Alhamdulillahi! Nilitamani kuibusu. Kabla ya jambo lingine lolote nikainakili ile sauti kwenye flashi, kwenye simu yangu na kwenye simu ya mama. Usiku ule nililala kama mtoto.

Siku ya ndoa, mdogo wangu akiwa chumbani ameshapambwa, nikamwekea ile sauti kwenye simu yangu. Baba alikohoa, akauliza kama imeanza kurekodi, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuridhia duniani na akhera. Nenda kwa amani."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Mama, aliyekuwa anamwekea sawa mtandio, ndiye aliyejibu.

"Tumekusikia, baba watoto," aliiambia ile simu. "Anakwenda sasa hivi."