Nilipiga Windo Mpya, Wimbo wa Mama Edina Ukapotea

Nimekosa jamani, na sina wa kumsingizia. Nitukaneni kwanza, halafu mnisikilize.

Mimi ni fundi mitambo wa kwaya yetu hapa Kasulu. Kompyuta yetu ya kurekodia ni kuukuu, RAM kiduchu, na ilikuwa na windo saba, yaani Windows 7. Lakini ilielewana na mashine ya kunasia sauti, ambayo nayo ni ya zamani. Nyimbo zilikuwa zinatoka safi kabisa.

Siku moja wakaja wageni, kwaya ya Kibondo. Kijana wao akachungulia kioo cha kompyuta, akacheka.

"Kaka, bado mko windo saba? Sisi tuko kumi na moja!"

Weee! Iliniuma hadi chakula hakikupita.

Nikaamua kupiga windo kumi na moja. Kompyuta yenyewe ikanionya kwamba haikidhi vigezo. Nionywe na kompyuta, mimi? Nikatafuta ujanja mtandaoni wa kuliruka lile onyo, ikaingia kwa nguvu. Nikapiga picha, nikaposti!

Wiki hiyohiyo akaja Mama Edina, mwimbishaji wetu, kwa bodaboda kutoka Heru Juu. Alikuwa anakwenda kupasuliwa koo, na daktari alishamwambia sauti huenda isirudi. Alitaka kurekodi wimbo wa Kiha ambao mama humwimbia binti anapotoka nyumbani kuolewa, maana harusi ya Edina ilikuwa baada ya mavuno.

Nikawasha. Kompyuta ikazunguka, ikazunguka. Mashine ya kunasia haitambuliki, draiva, ile programu ya kuitambulisha kwa kompyuta, hakuna, na ile windo ya zamani sikuwa nimeihifadhi popote. Jasho!

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "si unirekodi hata kwa simu?"

"Simu ni ya vichekesho, mama. Njoo kesho, utakuta iko sawa."

Lo, kiburi changu! Kesho yake alikuja, nikamrudisha tena. Akaenda hospitali. Alirudi mzima, namshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi.

Siku ya harusi nilikuwa kwenye spika. Ulipofika wakati wa mama kumwimbia binti, nikazima muziki. Mama Edina akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Edina akaanza kulia. Basi mama yake akapiga makofi taratibu, mapigo ya wimbo ule, huku ananitazama mimi. Hakunikunjia uso. Afadhali angenikunjia!

Windo saba nimeshairudisha. Draiva nilikuja kuipata kwa yuleyule kijana wa Kibondo, alikuwa nayo siku zote. Inanasa vizuri sana, na hainisaidii kitu.

Ndugu zangu, kabla ya kupiga windo, angalieni mashine yenu ina uwezo gani na mnaifanyia kazi gani. Acheni kuangalia jirani ana nini. Na mama wa watu akikwambia umrekodi kwa simu, toa simu!