Kibuyu cha Mursik na Chupa ya Insulini

Kila muhula, nikifika kwenye protini, huwaambia wanafunzi wangu waache kukariri. Protini ina umbo, na umbo lake hubadilika ikipata ishara. Kwenye utando wa seli kuna protini inayongoja insulini. Ikiguswa tu hujikunja, kazi inaanza ndani, na sukari iliyokuwa ikizurura kwenye damu inafunguliwa mlango. Nikiwaambia kwamba insulini yenyewe siku hizi hutengenezwa na bakteria waliopachikwa maagizo ya jeni ya binadamu, hata wa nyuma huamka. Halafu mmoja huuliza, "Na insulini isipokuja, mwalimu?" Mimi hujibu kwa kifupi, kwa sababu jibu nililiona kwa macho yangu.

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Baada ya uchaguzi, nyumba zilipoanza kuchomwa, tulitoka kwetu Kimumu na nguo tulizovaa, tukakimbilia uwanja wa kanisa mjini. Wazazi wangu walihamia huku kwa Wakalenjin kutoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, na ghafla hilo likawa kosa. Dawa ya mama ilibaki kwenye friji ya jirani yetu Mkalenjin, maana yetu ilikufa zamani. Siku ya tatu mama alikuwa anakunywa maji bila kukata kiu, na akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Sijawahi kuogopa vile.

Mchana huo yule jirani, mama mzee, akaja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa. Vijana wa kwao walikuwa wamefunga barabara na kupekua kila mfuko, lakini nani atathubutu kumwaga maziwa ya mama mzee? Kwao ni mkosi. Wawili walimfuata hadi langoni, wakasimama nyuma yake wakisikiliza. Alinipa kibuyu, akasema, "Mama akunywe yote, mpaka chini. Usimwage."

Uwanjani kulikuwa na uvumi kwamba chakula cha Wakalenjin kimetiwa sumu. Mimi, mwalimu wa bayolojia, ninayejua fika kwamba maziwa huganda kwa sababu asidi imebadilisha umbo la protini zake, niliuamini. Na jirani huyo ndiye mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto! Nilizunguka nyuma ya choo nikamwaga.

Maziwa yalitoka mapande mapande, kisha kitu kikagonga shingo ya kibuyu. Nikatikisa. Chupa ya insulini ikaanguka kwenye matope, imezungushiwa nailoni mara tatu, nzima. Nililia pale pale kwa aibu, na aibu ile ninayo hadi leo.

Muuguzi mmoja tuliyekimbia naye alikuwa na sindano. Kesho yake mama aliniita kwa jina langu, akauliza mbona viatu vyangu vinanuka maziwa. Niliinama nikavifuta kwa nyasi. Naye hakuuliza tena.

Tuliporudi Kimumu, miezi mingi baadaye, jirani alituita kwake kabla hata hatujafagia nyumba. Akamimina mursik, akauliza, "Na ile maziwa ya siku ile, mlikunywa?"

Nilifungua mdomo, lakini mama akanitangulia.

"Tulimaliza," alisema, bila kunitazama. "Hata tone hatukubakisha."

Jirani akacheka, akanijazia kikombe. Nilikunywa yote, mpaka chini.