Kioo cha Bi Harusi, Ukunda hadi Bodo

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mwaka 1998, nilikuwa nikipangusa pikapu yetu mpya ya milango minne, ambayo viti vyake vilikuwa bado na nailoni za dukani, jirani walipokuja kunikumbusha ahadi. Mimi ni mwalimu wa kike wa fizikia, mzaliwa wa Machakos, na Ukunda nimeishi miaka mingi. Mwanasha, binti wa nyumba ya pili, nilimfundisha hadi kidato cha nne. Nikahi ilikwisha kufungwa, nami niliombwa nimpeleke Bodo kwa mumewe. Sharti lilikuwa moja: asionekane na mtu njiani, na afike kama alivyotoka, na hina yake na udi wake.

Ukunda, baada ya adhuhuri, nyanyake, Bi Mwanamisi, aliketi naye kiti cha nyuma. Aliniamuru nishushe kioo cha upande wa bi harusi ili akina mama wamrushie mchele na peremende za kumuaga. Zilimiminika. Nilipobonyeza swichi kukipandisha, kioo kilifika nusu, kikaguna, kikasimama. Nilibonyeza tena na tena, mpaka hata kuguna kukaisha. Basi la wasindikizaji lilikuwa limekwisha kuondoka.

Kwenye lami ya kuelekea Msambweni, Bi Mwanamisi alishikilia leso dirishani kwa mikono miwili, upepo ukimnyang'anya.

"Mwalimu, mbele huko ni vumbi tupu," alisema. "Watu wa Bodo watatuuliza, mmetuletea bi harusi au mfuko wa saruji?"

"Turudi basi, tutafute gari jingine."

"Bi harusi harudishwi njiani! Huo ni mkosi wa maisha."

Msambweni tulisimama kwa fundi wa magari, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimwamkia nyanya shikamoo, akabonyeza swichi ya mbele, akatikisa kichwa.

"Mota imekufa hii. Nipisheni nifungue mlango."

"Kichwa chako utakiingiza wapi?" Bi Mwanamisi aliuliza. "Humu mna bi harusi. Mumewe mwenyewe hajamwona!"

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Geuka utazame ukuta."

Akageuka. Mwenye macho ya kuona skrubu na ruhusa ya kumwona Mwanasha nikabaki mimi peke yangu. Nilikuwa nimefundisha umeme ubaoni miaka yote hiyo bila kufungua hata mlango mmoja wa gari. Nilikunja mikono ya gauni langu la harusini. Mke wa fundi alitundika leso kati yetu na barabara, naye fundi akanipitishia zana juu ya bega lake, uso ukutani.

"Bisibisi ya nyota hiyo, mwalimu. Anza na kishikio. Sasa bandua ubao wa ndani taratibu, vibanio visivunjike."

Kimoja kililia ka!

"Nimekisikia," alisema fundi.

Ndipo sauti ndogo ikatoka chini ya ushungi: "Mwalimu, kila tulipopita shimo, kuna vitu viligonga humu mlangoni."

"Bi harusi hasemi!"

"Nyanya, basi sijasema."

Nilipenyeza mkono. Chini kabisa mlikuwa na mchele na peremende, zote zimeteremkia kwenye upenyo wa kioo. Peremende nyingine moja, iliyolainika kwa jua, ilikuwa imekwama ndani ya mfereji wa mpira ambamo kioo hupanda, ikakiinamisha. Niliikwangua, nikapangusa mfereji kwa kitambaa na maji ya moto, nikakinyoosha kioo.

"Basi huenda mota haikufa," nilimwambia fundi. "Imepata joto kwa kusukuma, ikajizima."

"Yawezekana. Iache ipoe."

Tulingoja. Adhana ya alasiri ilisikika ikaisha. Nilibonyeza. Kioo kilipanda moja kwa moja hadi juu, kikafunga. Bi Mwanamisi alipiga kigelegele, na fundi akasahau.

"Ukuta, wewe! Ukuta!"

Bodo tulifika jua likiwa bado juu, vumbi lote likiwa nje ya kioo. Mama mkwe aliinua ushungi ndani ya nyumba, akavuta pumzi.

"Udi ungali wanukia!" akasema, na vigelegele vikajibu.

Njiani kurudi nilifikiri juu ya harusi zote za Ukunda nilizopewa kiti cha mbele na sahani ya kwanza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. La kwangu lilichelewa, lakini nilikuwa nimelipokea kwa mikono miwili, nayo ilikuwa bado inanata sukari.

Wiki chache baadaye nilimwandikia Mwanasha: "Kioo kinapanda na kushuka vizuri. Njia ile uliipita bila kuiona. Baada ya Idi nitakuja nikuchukue tutembee hadi Msambweni, uketi mbele, na swichi uibonyeze mwenyewe."