Mstari wa Kijani na Midomo ya Kemunto

Nakumbuka siku moja katika miaka ya sabini, mwanangu, nikiwa kijana wa kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi katika hospitali ndogo upande wa Nyamira. Tulikuwa tumeletewa mashine yenye kioo, na ndani ya kioo mstari wa kijani uliruka kila moyo ulipopiga. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliipenda mashine ile kuliko mchumba wangu, naye alijua.

Aliyenifundisha kazi, muuguzi mzee tuliyemwita Mama Moraa, hakuichukia. Alisema tu, "Angalia hiyo, lakini mkono isitoke kwa taya ya mgonjwa." Nikamwona mshamba.

Asubuhi hiyo tulimlaza Kemunto, mchuma chai wa Ikonge, mama wa watoto watatu, apasuliwe uvimbe tumboni. Jua likaingia dirishani, likafifisha mstari wangu. Nikafunga pazia. Taa ya daktari ilimulika tumbo tu. Uso wa Kemunto ukabaki gizani, nami nikauachilia ili nichezee vifungo vya mashine.

"Mgonjwa yuko aje?" daktari akauliza.

"Yuko sawa, daktari. Mstari ni mzuri."

Na kweli ulikuwa mzuri. Moyo huendelea kupiga kwa muda hata pumzi ikikatika. Hilo nilifundishwa, nikalisahau. Mama Moraa alipoingia na vitambaa, alivuta pazia akapiga ukelele. Midomo ya Kemunto ilikuwa rangi ya zambarau. Ulimi ulikuwa umerudi nyuma ukaziba koo. Tuliinua taya, tukampulizia hewa, tukamkanda kifua. Hakurudi.

Mama Moraa alinitazama. "Bwana yake ako hapo nje. Utamwambia wewe, na usiseme ni moyo."

Nilimwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa wewe ulikuwa unaangalia nini?" Niliona aibu ambayo hainitoki hadi leo.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika popote. Aliyelipa ni mama wa watu.

Basi, mwanangu, wewe unayekwenda kwenye kazi hii na vioo vikubwa kuliko changu, vitazame, vinasaidia. Lakini kwanza mtazame mgonjwa usoni, mshike taya, usikie pumzi yake kiganjani. Na ukikosea, usimsingizie marehemu. Mungu aishike mikono yako, na akuepushe na swali la yule mume.