Gari Liliwaka na Mkono wa Kaka Ukiwa Ndani

Jamani, niliona gari likijiwasha lenyewe, na mkono wa kaka yangu ukiwa ndani ya injini.

Sikusimuliwa. Nilikuwa hatua mbili tu, spana mkononi.

Mimi ni fundi magari. Gereji ni ya kaka yangu mkubwa, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi nikiwa sijui hata kushika bisibisi. Tumezoea magari ya zamani, yale ambayo injini ikinyamaza ujue imezimwa.

Asubuhi hiyo akaja mteja wetu mmoja, nesi. Gari kaliacha nje ya geti, kaja kwa miguu.

"Fundi, gari langu lina mtu."

"Mtu gani?"

"Namjua basi! Nikisimama kwenye taa, linazima. Nikiinua mguu kwenye breki, linawaka lenyewe. Wiki ya pili sasa. Nilidhani ni uchovu wa zamu. Leo nimekuja huku nasali njia nzima."

Mimi nilicheka. Kaka hakucheka.

"Liingize ndani tulione," akasema.

Nesi akaliingiza, akasimama katikati ya uwanja. Kweli bwana, injini ikazima. Kimya. Kiyoyozi bado kinapuliza, taa za dashibodi zinawaka. Kicheko kikaniisha.

"Usiguse kitu!" Kaka akapaza sauti. "Mguu ubaki kwenye breki. Fungua boneti tu."

Nesi akateremsha kioo ili atusikie, akafungua boneti. Kaka akainama, akaushika mkanda wa injini, akaubinya kwa vidole kuona kama umelegea.

"Kaka, ngoja kwanza," nikamwambia.

"Ningoje nini? Si limezima?"

Likawaka.

Naapa hakuna aliyegusa kitu. Mguu wa nesi ulikuwa palepale.

Kaka alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Na mimi? Nilibaki nimesimama na spana yangu. Sitawadanganya, niliogopa mpaka nikasahau jina langu. Nilichowaza ni kimoja tu: huyu mama akishtuka akaachia breki, gari litamsukuma kaka mpaka ukutani.

Nesi alikuwa analia, "Mungu wangu! Mungu wangu!" Lakini mguu hakuuinua. Ndipo akili ikanirudia. Nikajitupa dirishani, nikabonyeza kitufe cha kuzimia injini, likazima.

Vidole viwili vilichanika mpaka mfupa ukaonekana. Nesi akavifunga kwa mtandio wake, wakapanda bodaboda kwenda zahanati. Mimi nikaachwa nililinde gari. Nililinda nikiwa nje ya geti.

Mchana wakarudi, bandeji imekuwa kubwa kama mkate. Vidole vitabaki, daktari kasema, ila kimoja hakitakunjika tena.

Tukamwita dada mmoja, fundi umeme wa magari ya kisasa. Tunamwita Skana, kwa sababu ya kimashine chake cha kusoma hitilafu za gari. Akakichomeka, akasoma, akacheka.

"Hakuna shetani hapa. Gari limetengenezwa hivyo, kuokoa mafuta. Ukisimama linazima injini, ukiachia breki linawasha. Na ndani kukiwa na joto sana linawasha lenyewe, hata ukiwa umekanyaga breki, ili kiyoyozi kifanye kazi."

Nesi akauliza, "Mbona nimekuwa nalo mwaka mzima na halikuwa hivyo?"

Skana akakunja uso. "Tena halikupaswa kuwaka boneti ikiwa wazi. Kuna swichi ya kuzuia hilo."

Akamulika tochi.

"Mh! Swichi ilikufa, gari likawa linadhani boneti iko wazi siku zote. Ndiyo maana mfumo ulilala mwaka mzima. Sasa mtu kaikata swichi, kaunganisha nyaya. Gari linadhani boneti imefungwa, hata ukiwa umeingiza kichwa humo. Nani kafanya hivi?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Wiki mbili nyuma, kaka alikuwa msibani. Nesi alikuja amechoshwa na dashibodi inayopiga kelele kwamba boneti iko wazi. Swichi mpya ingechukua siku tatu kufika. Nikaikata ya zamani, nikasokota nyaya, kelele zikaisha. Alinishukuru, na mimi nikajiona bingwa.

Nesi akanigeukia taratibu. Alikuwa amekumbuka.

"Ni mimi, kaka," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka.

Kaka alikuwa bado ameziinamia zile nyaya.

"Nimejua tangu alipomulika," akasema. "Kusokota hivyo nilikufundisha mimi."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Alikaa kwenye tairi, akanyoosha mguu, akaniomba nimfunge kamba ya kiatu kwa sababu mkono umemshinda. Nikapiga magoti nikaifunga.

Mafundi wenzangu, gari likipiga kelele, msikimbilie kulinyamazisha. Ulizeni kwanza linamlinda nani. Mimi sikuuliza, na aliyekuwa akilindwa ni kaka yangu.