Maneno Niliyomtilia Marehemu Mdomoni

Kazi yangu ni kutafsiri sinema kwenye vibanda vya video, Kasese siku za kawaida, Bwera, mpakani mwa Kongo, siku za soko. Sinema inasema Kiingereza, mimi nakaa pembeni na maikrofoni naigeuza Kiswahili papo hapo. Miaka yote hii imenimaliza koo. Ukichoka, unabuni. Sote tunabuni, nani atajua?

Mwaka jana nilionyesha Bwera sinema ya zama za mbali zijazo, watu wanaishi huko kwenye nyota. Mtu akifa, akili yake yote inahamishiwa kwenye mashine: kumbukumbu, sauti, hata utani wake. Mjane mmoja anaongea na mashine ya mumewe kila siku. Mwishowe inamwambia, "Nimechoka. Nizime, uendelee na maisha." Lilikuwa onyesho langu la tatu tangu asubuhi. Kibanda kimejaa akina mama wa Kongo waliotoka sokoni, wengine wameshaanza kulia. Jamani, sikuwa na nguvu za kubeba kilio! Nikaigeuza kauli ya mashine, nikasema, "Usinizime. Ningoje, nitarudi." Wakapiga makofi, nami nikaenda zangu kunywa chai.

Miezi ikapita. Mchana mmoja kule Bwera nikamkuta mama mmoja, mzaliwa wa Butembo huko Kongo, ananisubiri mlangoni pa kibanda. Nilimjua kwa sura tu. Anauza mafuta ya mawese, na huja kibandani na watoto wake wawili.

"Papa, ile mashine ya kuweka akili ya mutu, iko Kampala ao iko Ulaya?"

"Haiko popote, mama. Ile ni sinema."

"Mbona simu ya jirani yangu inajibu maulizo sawa mutu?"

Akatoa simu yake. Akanieleza kwamba mumewe aliuawa shambani huko Kongo, upande wa Beni, akazikwa na majirani. Yeye kaburi hakuliona. Simuni zilibaki jumbe za sauti za mumewe, nyingi za kuuliza tu kama watoto wamekula. Alizitunza zije kuingizwa kwenye mashine. Padri alitaka kusoma misa ya marehemu, mama akakataa. Kwake misa ilikuwa kumzima.

"Alisema nimungoje," akaniambia. "Batoto pia walisikia."

Nilitaka kumkemea. Mtu mzima mwenye akili zake! Halafu nikaona haya, maana mpumbavu alikuwa mimi. Nikamweleza yote: maneno yale niliyatunga kwa uchovu tu, mashine yenyewe iliomba izimwe.

Nilingoja matusi, na nilistahili.

"Basi misa isomwe," akasema. "Lakini batoto habataniamini. Wewe ndio uliwaambia baba yao atarudi. Kuya kwangu, uwaambie."

Nikafunga kibanda, nikamfuata hadi alikopanga, nyuma ya soko. Watoto walikuwa kizingitini wanamenya mihogo. Yule mdogo aliponiona akaruka kwa furaha, akauliza nimemletea maneno gani ya baba.