Heroe wa Mtera

Flaviana Matonya anasuka nywele Chang'ombe, Dodoma mjini. Kuwajua ndege alirithi kwa baba yake, Mzee Bartolomayo, mvuvi wa bwawa la Mtera, aliyemfundisha kuwatambua kwa milio yao hata kabla hajaanza shule.

Kiangazi kilichopita, maji ya bwawa yalipopungua, Flaviana alikwenda kumsalimu baba yake. Wakakuta heroe wametapakaa kwenye tope, wekundu wa waridi, miguu kama vijiti. Mzee hakuwahi kuwaona pale. Flaviana akapiga picha, akafungua ramani kwenye simu, akaandika namba za mahali pale na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa ndege.

Leonard, mwenzao wa Arusha, akawa wa kwanza kujibu: "Dada Flaviana, heroe wako wako Ethiopia!" Wakacheka wengi. Mmoja akauliza kama picha yenyewe ni ya kweli.

Hilo lilimuuma. Alizirudia namba zile, akagundua amesahau alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Bila hiyo, ramani hukupeleka kaskazini ya Ikweta, hadi Ethiopia. Asubuhi akarudi na baba yake. Heroe walikuwa bado wanachuja tope kwa midomo. Safari hii hakuandika namba kwa mkono. Alibonyeza, akatuma lokesheni palepale aliposimama.

Jumamosi gari likashuka hadi ukingoni. Alikuwa Leonard na wenzake wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmepajuaje huku?"

"Hatukumuuliza mtu njia. Lokesheni ya Flaviana imetufikisha." Akamgeukia. "Dada, nisamehe kwa kukucheka."

"Hata mimi ningecheka," alisema Flaviana. "Ethiopia ni mbali kwa miguu ile!"

Mzee Bartolomayo hakungoja. Akawapazia sauti wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu: "Njooni muone! Hawa wametoka Arusha. Aliyewaita ni binti yangu, huyu hapa!" Hakuwaruhusu wageni kuondoka bila kula perege.

Siku hizi mzee naye ana simu ya kugusa. Akimwona ndege kama mwari au furukombe, humtumia bintiye lokesheni. Flaviana huipeleka kwenye kundi, na chini yake huandika: Ameonwa na Bartolomayo Matonya, Mtera.